Programu ya kesi si pambo la afisi, haki ya mteja imo ndani yake

TANGU Julai 1, 2020, mahakama za Nairobi zilipoanza kupokea hati za kesi kwa njia ya mtandao, kazi ya wakili jijini imebadilika kwa kiasi ambacho wengi hawakukitarajia.

Mwongozo wa kusimamia kesi kielektroniki ulikuwa umetolewa mapema Machi mwaka huo, siku chache tu kabla ya kisa cha kwanza cha corona kutangazwa nchini. Janga lilipofunga milango ya mahakama, mpango uliokuwa ukienda kwa mwendo wa kobe ukageuka kuwa dharura. Mnamo Machi 11, 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua upanuzi wa mfumo huo hadi mahakama za nchi nzima.

Idara ya Mahakama ilipohamia kwenye tarakilishi, mawakili hawakuwa na budi ila kuifuata. Leo hii, kuanzia afisi zilizosongamana Kimathi Street na Taifa Road hadi zile zilizohamia Westlands, Kilimani na Lavington, wakuu wa kampuni za uwakili wanajiuliza swali moja: Tununue programu ipi ya kusimamia kesi zetu?

Kwa mtazamo wa haraka, hilo ni swali la ndani ya afisi, sawa na kuchagua meza au rangi ya pazia. Ukweli ni kwamba anayeumia zaidi programu inapochaguliwa vibaya ni mteja. Hakuulizwa, hakuiona, na pengine hajui kwamba ipo.

Chukua mfano wa mkazi wa Kangemi aliyegongwa na gari akivuka Waiyaki Way. Sheria inampa miaka mitatu kuwasilisha dai la fidia. Iwapo faili yake italala kwenye kabati, au kwenye tarakilishi isiyomkumbusha mtu yeyote, mlango wa haki utafungwa. Kuufungua tena ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani.

Ndiyo maana uchaguzi huu unafaa kujadiliwa hadharani.

Mahakama haikumbuki ulichosahau

Kuna dhana iliyoenea miongoni mwa mawakili wa kampuni ndogo kwamba kwa kuwa mahakama ina mfumo wake, kampuni haihitaji kuwa na wake. Hati zote zimo huko, wanasema, na tarehe za kesi hutumwa kwa simu na barua-pepe.

Dhana hiyo ina kasoro kubwa. Mfumo wa mahakama huhifadhi kile kilichowasilishwa. Hauna habari kuhusu dai ambalo bado halijafunguliwa, barua ya onyo ambayo haijajibiwa, shahidi ambaye hajatafutwa wala rufaa ambayo wakili alimwahidi mteja kwa mdomo. Kwa maneno mengine, mahakama hukumbuka ulichofanya, wala haikumbuki ulichosahau.

Na yanayosahaulika ndiyo huwaponza wateja. Dai la kuvunjwa kwa mkataba lina kikomo cha miaka sita. Dai la madhara ya mwili ni miaka mitatu, na mzozo wa kazi ni miaka mitatu. Dai la kumiliki ardhi ni miaka 12. Anayeishtaki Serikali kwa madhara aliyotendewa ana miezi 12 pekee.

Kesi ikishafunguliwa, muda huzidi kubana. Mshtakiwa akishajitokeza mahakamani ana siku 14 za kuwasilisha utetezi wake. Rufaa kutoka mahakama ya hakimu hadi Mahakama Kuu ina siku 30. Ilani ya kukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa ina siku 14. Kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote kuchukuliwa, mahakama inaweza kumtaka mlalamishi aeleze ni kwa nini isitupiliwe mbali.

Hapo awali tarehe hizi zilitunzwa katika shajara kubwa ya afisi, na mlinzi wake alikuwa karani mkongwe aliyejua kila faili kwa nambari na kila masijala kwa harufu yake. Karani huyo alikuwa mfumo. Alipougua, mfumo uliugua. Alipostaafu, mfumo ulistaafu pamoja naye.

Siku hizi wakili anaweza kuwa na kikao cha mtandaoni mbele ya jaji wa Kisumu saa tatu asubuhi, na kingine ana kwa ana katika Mahakama ya Milimani saa hiyo hiyo. Shajara iliyofungiwa katika droo ya afisi moja haiwezi kumwonya.

Kwa hivyo, jaribio la kwanza la programu yoyote ni kalenda yake.

Kalenda ya Kenya si ya Toronto

Hapa ndipo wengi huhadaika. Programu nyingi zinazosifiwa sana zimeundwa ng'ambo. Clio, mojawapo ya zinazojulikana zaidi duniani, ilianzishwa Canada mwaka wa 2008. Ni kazi ya watu hodari, lakini waliiunda wakiwa na mahakama za kwao akilini.

Kanuni za Kesi za Madai za mwaka wa 2010 zinasema kwamba siku kati ya Desemba 21 na Januari 13 hazihesabiwi katika muda wa kuwasilisha hati chini ya kanuni hizo, isipokuwa jaji aamue vinginevyo. Mshtakiwa aliyejitokeza mahakamani Desemba 15 na ambaye ana siku 14 za kujitetea, muda wake hauishi Desemba 29. Unaisha Januari 22.

Kuna mtego mwingine. Likizo hiyo hugusa muda uliowekwa na kanuni au kwa amri ya mahakama. Muda uliowekwa na sheria yenyewe, kama ule wa siku 30 za rufaa, si wa kuhesabiwa kwa mazoea. Programu inayoongeza siku za likizo kila mahali bila kubagua ni hatari zaidi kuliko isiyoziongeza kabisa, kwa sababu humpa wakili usingizi mnono asiostahili kuupata.

Aidha, Kenya ina desturi ya kutangaza sikukuu kwa ghafla. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na tangazo lilitolewa siku chache tu kabla. Mei 10, 2024 ilitangazwa vivyo hivyo kufuatia mafuriko. Je, ni nani katika kampuni anayeweza kuiongeza siku kama hiyo kwenye kalenda bila kumpigia simu fundi aliye bara jingine?

Wakili anayetembelewa na mchuuzi wa programu asianze kwa kutazama rangi na michoro. Na ampe tarehe tatu za Desemba, kisha atazame jibu litakalotoka. Mchuuzi akibabaika, somo limekwisha.

Fedha za mteja zisichanganyike

Jaribio la pili ni fedha. Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka wakili aweke pesa za mteja katika akaunti ya wateja, mbali na pesa zake mwenyewe. Mnunuzi wa nyumba Kileleshwa anapolipa arubuni ya asilimia 10, pesa hizo hupitia mikononi mwa wakili. Vivyo hivyo fidia ya bima na ushuru wa stempu.

Wateja wengi wanaolalamika dhidi ya mawakili hulalamikia mambo mawili: kwamba pesa zao zimezuiliwa, au kwamba hawaelezwi kesi imefika wapi. Programu nzuri huwezesha maswali yote mawili kujibiwa papo hapo, kwa kila faili na kwa kila shilingi iliyoingia na kutoka.

Programu za Marekani zimeundwa kufuata kanuni za akaunti za amana za majimbo ya huko. Hazina habari kuhusu malipo ya M-Pesa ambayo mteja huyatuma usiku bila kuandika nambari ya faili. Wala hazina habari kuhusu eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA).

Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza mapato ya biashara yanayotozwa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Mteja ambaye ni kampuni ataidai ankara hiyo. Ikiwa programu haiwezi kuitoa, karani ataandika ankara ile ile mara mbili, na penye kuandika mara mbili hapakosi kosa.

Siri ya mteja iko wapi?

Jaribio la tatu ni siri. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 134, inamkataza wakili kufichua mawasiliano yake na mteja bila idhini ya mteja huyo. Hiyo ni nguzo ya kale. Juu yake ikaongezwa Sheria ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika Novemba 2019.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwenye kushikilia data akigundua kwamba imefikiwa na asiyestahili, na kuna tishio la madhara kwa mwenye data, anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa biashara, kutegemea ni kiasi kipi kilicho kidogo. Sheria pia inaweka masharti ya kuzingatiwa kabla ya data kuvushwa nje ya nchi.

Kwa hivyo, wakili anapaswa kumuuliza mchuuzi bila haya: Data ya wateja wangu italala katika nchi gani? Ni nani miongoni mwa wafanyakazi wako anayeweza kuifungua? Nitaarifiwa baada ya muda gani mkivamiwa? Mchuuzi asiyeweza kujibu kwa maandishi hafai kukabidhiwa faili ya talaka, ya wosia wala ya mshukiwa wa uhalifu.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu programu hizi sasa huja na zana za akili bandia zinazosoma hati na kuandika muhtasari. Mnamo Juni 2023, jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya hati yao kutaja maamuzi ya mahakama ambayo hayakuwahi kuwepo, yaliyobuniwa na zana ya namna hiyo. Wakili wa Nairobi anapaswa kujua ni lini zana hizo zinafanya kazi, zinatuma nini nje, na jinsi ya kuzizima.

Siri haivuji ng'ambo pekee. Huvuja pia pale nywila moja inapotumiwa na watu saba, kuanzia mkuu wa kampuni hadi mwanafunzi aliye katika mafunzo ya miezi michache. Kila mtumiaji awe na yake, na siku anapoacha kazi ifungwe kabla hajafika kituo cha matatu.

Umeme, mtandao na dola

Kisha kuna hali halisi ya mahali tunapoishi. Julai 2023, huduma za eCitizen zilivurugwa na shambulizi la mtandaoni ambalo Serikali ilikiri kutokea. Agosti 25 mwaka huo huo, sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani kwa saa nyingi. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika na mtandao ukadorora katika Afrika Mashariki.

Hakuna tukio hata moja kati ya hayo linalositisha siku 14 za utetezi kwa lenyewe. Wakili atalazimika kuiomba mahakama imwongezee muda, na kueleza sababu. Programu isiyoweza kuonyesha tarehe za wiki ijayo bila mtandao ni sawa na taa inayowaka mchana tu. Angalau iruhusu orodha hiyo kuchapishwa kila Ijumaa jioni na kubandikwa ukutani.

Bei nayo ina hila yake. Programu za ng'ambo hutozwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Tuseme kampuni ya watu wanane Hurlingham inatozwa dola 60 kwa kila mmoja, yaani dola 480. Mwishoni mwa 2022, dola ilipokuwa karibu Sh123, gharama hiyo ingekuwa Sh59,040 kwa mwezi. Januari 2024 dola ilipopita Sh160, programu ile ile, kwa watu wale wale, ingegharimu zaidi ya Sh76,800.

Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huo, ila funzo lilibaki. Anayetoza mteja kwa shilingi na kulipia vifaa kwa dola amebeba hatari ambayo hakuitia katika hesabu zake.

Hili si pendekezo kwamba kila cha nyumbani ni bora. Programu iliyoundwa hapa Nairobi inaweza kuijua eTIMS na likizo ya Desemba vyema, lakini pengine imetengenezwa na vijana watatu ambao mwakani watakuwa wameajiriwa kwingine. Ya ng'ambo ina nguvu za kifedha, lakini mteja mdogo wa Nairobi akilalamika, sauti yake huko ni ya mbu. Kila upande una hatari yake, na kila hatari ina swali lake la kuuliza.

Mlango wa kutokea

Swali hilo ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo huulizwa mara chache zaidi: Siku tukitaka kuondoka, tutaondoka na nini?

Kampuni za programu hununuliwa, huungana na hufa. Nazo kampuni za uwakili huvunjika. Washirika wawili walioanza pamoja katika chumba kimoja Moi Avenue huweza kutengana kwa ubishi baada ya miaka kumi, kila mmoja akidai wateja wake. Na wakili anayefanya kazi peke yake huweza kufariki Jumapili huku ana kesi sita Jumatatu.

Katika siku za karatasi, jamaa au wakili mwenzake angefungua kabati na kuzikuta faili. Hazikuwa salama kupindukia, kwa kuwa karatasi huungua, hulowa na hupotea. Kwa miaka mingi kupotea kwa faili katika masijala za mahakama kulikuwa wimbo wa kila mlalamishi. Lakini kabati lilikuwa na ufunguo, na ufunguo uliweza kutafutwa.

Kabati la kisasa limefungwa kwa nywila iliyo katika kichwa cha marehemu, na msimbo wa kuthibitisha hutumwa kwenye simu yake. Ada ya mwezi isipolipwa, akaunti husimamishwa. Mteja wa Kangemi anabaki nje ya mlango asioweza hata kuuona.

Kwa sababu hiyo, mkataba wa programu unapaswa kusema mambo matatu waziwazi. Kwanza, kampuni ya uwakili inaweza kuchota faili zote wakati wowote, hati zikiwa katika muundo wa kawaida na tarehe zikiwa katika jedwali linalofunguka kwingine. Pili, akaunti ikisimamishwa, data itahifadhiwa kwa muda unaojulikana kabla ya kufutwa. Tatu, mtu wa pili aliyetajwa kwa jina ana haki ya kuingia iwapo mwenye akaunti hayupo.

Jambo hili lisisubiri siku ya kuondoka. Lijaribiwe katika wiki ya kwanza kwa faili moja. Kisichotoka siku ya kwanza hakitatoka siku ya mwisho.

Nani achague?

Katika afisi nyingi uamuzi hufanywa na mkuu wa kampuni baada ya kuonyeshwa maonyesho ya nusu saa katika mkahawa wa Westlands. Atakayeitumia kila siku ni karani, msaidizi na mhasibu, ambao huletewa kitu kilichokwisha kununuliwa. Miezi mitatu baadaye, kila mmoja amerudia daftari lake la siri, na kampuni inalipia programu ambayo haina habari za kweli.

Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Shajara mbili zinazotofautiana ni hatari kuliko shajara moja ya karatasi iliyotunzwa vyema.

Heri kampuni ichague faili kumi za kweli, ikiwemo moja iliyovurugika kabisa, na kuwakabidhi makarani kwa mwezi mmoja. Mwishoni waulizwe: Ni tarehe ngapi zilionekana kwa wakati? Ni malipo mangapi yalilingana na taarifa ya benki? Faili ngapi zilitoka salama?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya kampuni kubwa, na kwamba wakili mmoja mwenye karani mmoja hana pesa wala nafasi ya majaribio. Hoja hiyo ina mashiko. Wakili wa namna hiyo anaweza kuhudumia wateja wake barabara kwa jedwali rahisi la tarakilishi, nakala mbili za hati, na shajara inayosomwa na watu wawili kila asubuhi. Kinachotakiwa ni nidhamu. Programu huisaidia nidhamu iliyopo, lakini haiwezi kuizaa pale isipokuwepo.

Hata hivyo, si haki kumwachia kila wakili apapase gizani peke yake. Chama cha Mawakili Nchini (LSK), ambacho makao yake yako Gitanga Road, Lavington, kina uwezo wa kutoa orodha fupi ya masharti ya chini kabisa: kalenda inayofuata kanuni za Kenya, akaunti ya wateja iliyotengwa, mahali data inapohifadhiwa, na haki ya kuondoka na faili. Chama hakihitaji kuipendekeza programu yoyote kwa jina. Kikisema tu ni nini kisichokubalika, wachuuzi watajirekebisha wenyewe.

Mteja naye ana sehemu yake. Anapomkabidhi wakili kesi yake, ana haki ya kuuliza maswali mawili ambayo hayahitaji elimu ya tarakilishi. La kwanza: Siku ya mwisho ya kuwasilisha dai langu ni ipi, na imeandikwa wapi? La pili: Usipokuwepo, ni nani mwingine anayeweza kuifungua faili yangu?

Wakili atakayejibu yote mawili bila kusita amechagua vyema, hata kama programu yake ni daftari. Atakayebabaika, hata awe na vioo vinavyong'aa kwenye ghorofa ya kumi Westlands, mteja na atafakari upya kabla ya kutia sahihi.